Kuufundisha Mtaa Kuhusu Kifua Kikuu: Mwongozo Kamili kwa Wahamasishaji wa Nairobi

Mkutano wa TB unaoitishwa Jumatano saa nne asubuhi katika uwanja wa chifu hujaa akina mama, wazee wachache na watoto wasiofikia umri wa shule. Wanaume wako mjengoni, Eneo la Viwanda, Gikomba, au juu ya boda boda. Na hao ndio wanaougua zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100,000 wa Kenya, 558 walikuwa na TB ya mapafu iliyothibitishwa maabarani, na wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Tena, zaidi ya wanne kati ya kila watano waliopatikana nayo hawakuwa na VVU, jambo ambalo mtaani bado ni vigumu kulikubali.

Basi kama wewe ni mhamasishaji wa afya ya jamii, kiongozi wa chama, mwalimu, imamu au mchungaji, na umepewa kazi ya kuufundisha mtaa wako kuhusu kifua kikuu, usihesabu makofi wala majina ya waliotia sahihi. Hesabu vikopo vya makohozi vilivyofika maabarani na wagonjwa waliomeza kidonge cha mwisho. Hatua zote hapa chini zinaelekea huko. Watu wa Nairobi hawahitaji kuogopeshwa TB. Wanaiogopa tayari, na woga huo ndio unaowapeleka kwa kemisti kununua dawa ya kikohozi mwezi baada ya mwezi badala ya kwenda kupimwa.

Hatua ya 1: Kijue kituo chako kabla ya kumtuma mtu huko

Hakuna kinachoua somo la TB haraka kama mtu aliyekuamini, akaacha kibarua cha siku, akafika kituoni na kuambiwa arudi Alhamisi. Kwa hiyo tembelea kwanza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na uulize mambo haya ana kwa ana: makohozi yanapokewa siku gani na hadi saa ngapi? Mashine ya GeneXpert, ile inayosaka bakteria wa TB kwenye makohozi, ipo hapo, au sampuli hupelekwa kwingine? Majibu huchukua siku ngapi, na mgonjwa hujulishwaje? Nani anayesimamia kliniki ya kifua, na je, mgonjwa anaweza kuingia moja kwa moja bila kupiga foleni ya kawaida?

Mashine yenyewe hutoa jibu kwa muda wa takriban saa mbili, na papo hapo huonyesha kama bakteria wamekuwa sugu kwa rifampicin, moja ya dawa kuu za TB. Kuchelewa huwa kunatokana na safari ya sampuli na karatasi. Uliza pia habari ya gharama. Dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali, na kipimo cha makohozi vilevile. Picha ya kifua inaweza kuwa na malipo, kutegemea kituo, na mtu wa Mukuru kwa Njenga anayelipwa kwa siku anastahili kujua hilo kabla hajatoka nyumbani.

Ukishapata majibu, chora ramani ya eneo lako. Usiandike nyumba za wagonjwa. Andika mahali ambapo watu hukaa pamoja kwa saa nyingi hewa ikiwa imefungiwa: ukumbi wa kuonyeshea mpira, pango la chang'aa, kanisa la mabati linalokesha Ijumaa, karakana, bweni la shule, ploti yenye ushoroba wa giza. Hizo ndizo sehemu zako za kufundishia.

Hatua ya 2: Punguza somo hadi mambo machache yasiyosahaulika

Nimesikia masomo yanayoanza na Robert Koch kutangaza ugunduzi wa bakteria wa TB tarehe 24 Machi 1882. Ni historia nzuri, na ndiyo sababu Siku ya TB Duniani huwa tarehe hiyo. Lakini fundi aliyeketi juu ya mfuko wa simiti ana dakika kumi. Mpe haya:

TB husambaa kwa hewa. Mgonjwa wa TB ya mapafu ambaye hajaanza dawa akikohoa, akipiga chafya, akiimba au akiongea, bakteria hubaki wakielea hewani, na anayeivuta hewa hiyo anaweza kuambukizwa. Haiambukizwi kwa sahani, kijiko, salamu ya mkono, nguo, choo wala kitanda.

Kuambukizwa si kuugua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria hao, na kati ya 5 na 10 katika kila 100 ndio watakaougua maishani mwao. Kwa waliobaki, TB hukaa kama kaa la moto chini ya majivu: halichomi, ila halijazimika. Kinachopuliza majivu ni VVU, kisukari, lishe duni, pombe nyingi, sigara, na umri mdogo sana.

Dalili ni kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda bila sababu, maumivu ya kifua, na wakati mwingine damu kwenye makohozi. Usiwaambie watu wangoje damu. Wengi hawaioni kamwe. Kuhusu zile wiki mbili za kukohoa tulizozoea kutaja kabla ya kumtuma mtu kupimwa, zichukue kuwa kikomo, wala zisiwe ruhusa ya kusubiri: anayekohoa huku anakonda, au anayeishi na mgonjwa wa TB, aende leo.

Na mwisho: inatibika, kwa miezi sita, bila malipo ya dawa. Sema jambo hili mapema na ulirudie. Anayeamini kwamba amehukumiwa kufa hatatoa makohozi.

Sipendi mabango yenye picha ya mtu mifupa mitupu. Humfundisha mtazamaji kwamba TB ni ya wale waliokwisha kabisa, naye, kwa kuwa bado anabeba gunia, anajiondoa kwenye hesabu.

Hatua ya 3: Wafuate wanaume walipo, na kwa saa zao

Mjengoni, saa ya chakula ni saa saba. Steji ya boda boda hupoa kati ya saa nne na saa sita. Kwenye milango ya viwanda, vibarua hukusanyika alfajiri kusubiri kuitwa. Ukumbi wa mpira una mapumziko ya dakika 15, na mwenye ukumbi akikubali, hutapata hadhira bora zaidi mjini. Zungumza kwanza na mwenye mahali: msimamizi, mwenyekiti wa steji, mama anayeuza chakula. Mama wa kibanda cha chakula anajua nani anakohoa kuliko daktari yeyote.

Usianze na neno TB. Anza na kikohozi, tena kwa maswali. Mazungumzo huweza kwenda hivi:

"Habari za kazi, wazee? Vumbi hili la simiti linawaacha salama kweli?"

"Ah, dada, kifua tumezoea. Ni baridi tu ya Julai."

"Sasa Julai imeisha. Nani hapa kikohozi chake kimekataa kuisha nayo?"

Watacheka, watanyosheana vidole. Usimfuate aliyeonyeshwa. Endelea na somo, kisha useme mbele ya wote kwamba utakaa kando na vikopo kwa nusu saa, na anayetaka aje, au akupigie jioni. Mara nyingi atakayekuja si yule aliyechekwa.

Vumbi lenyewe usilipuuze. Wanaofanya kazi ya mawe na kukata zege huvuta vumbi linaloumiza mapafu, na mapafu yaliyoumia huipokea TB kwa urahisi. Mtu anayesema "ni vumbi" huenda anasema kweli, na bado akawa na TB juu yake.

Hatua ya 4: Fundisha jinsi ya kutoa makohozi

Hii ndiyo sehemu ambayo masomo mengi huiruka, na ndiyo inayoharibu vipimo. Watu hupewa kikopo, huona haya, hutema mate na kuondoka. Mate hayana kitu cha kupima. Onyesha kwa vitendo, bila aibu:

1. Mtu asukutue kinywa kwa maji safi ili mabaki ya chakula yatoke.
2. Atoke nje mahali pa wazi, mbali na wengine. Kamwe isiwe chumbani, ofisini wala ndani ya choo.
3. Avute pumzi ndefu mara mbili au tatu, aishikilie kidogo, kisha akohoe kwa nguvu kutoka chini ya kifua.
4. Ateme moja kwa moja ndani ya kikopo bila kugusa ndani yake, na akifunge vizuri.
5. Aandike jina kwenye kikopo chenyewe, asiandike kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana maabarani.
6. Anawe mikono, na sampuli ifike kituoni siku hiyo hiyo.

Makohozi ya asubuhi, mtu anapoamka tu, huwa bora. Watoto wadogo hawawezi kukohoa hivi. Wao hupelekwa kwa mhudumu wa afya, ambaye ana njia nyingine, ikiwemo kupima kinyesi.

Majibu yakisema hakuna TB na kikohozi kikaendelea, arudi. Mwambie hili siku anayotoa sampuli, maana akishasikia "huna kitu" hatakusikiliza tena.

Hatua ya 5: Baki na mgonjwa mpaka mwisho, hasa mwezi wa pili

Matibabu ya kawaida ya mtu mzima ni dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza (rifampicin, isoniazid, pyrazinamide na ethambutol, zikiwa zimeunganishwa katika kidonge kimoja), kisha mbili za kwanza kwa miezi minne. Idadi ya vidonge kwa siku hutegemea uzito wa mgonjwa. Akiuliza kwa nini muda mrefu hivyo, mweleze kwamba bakteria hawa hukua polepole na wengine hulala, dawa ikawa haiwapati kwa haraka. Kisha mwambie kwamba zamani ilikuwa mwaka mmoja na nusu. Dozi fupi ilijaribiwa hapa hapa Afrika Mashariki, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1972. Watu hupenda kusikia kwamba dawa inayotumika kote duniani ilipitia kwao.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hajafika nyumbani, mwambie habari ya mkojo. Rifampicin huugeuza kuwa wa rangi ya chungwa au nyekundu, na hata jasho na machozi. Haina madhara. Asiyeonywa huona "damu", huacha dawa siku ya pili na humwambia jirani kwamba dawa za TB zinaua figo.

Mfundishe pia ni lini arudi kituoni haraka: macho au ngozi kuwa ya manjano, kutapika kusikokoma, upele mwilini, macho kupoteza nguvu au kuchanganya rangi. Ganzi na kuwashwa nyayoni husababishwa na isoniazid na hutibiwa kwa vitamini B6, asivumilie kimya. Pombe aiache, kwa sababu dawa na pombe zote hupita kwenye ini. Mwanamke anayetumia vidonge vya kupanga uzazi au kipandikizi aiambie kliniki, maana rifampicin hupunguza nguvu yake. Anayetumia ARV, yaani dawa za VVU, vilevile aseme, dozi yake huenda ikahitaji kurekebishwa. Mjamzito na anayenyonyesha hawaachi matibabu.

Sasa, mwezi wa pili. Kufikia hapo mgonjwa amenenepa, halowi jasho usiku, amerudi kazini. Ndipo anapoacha. Wala hajawa mkaidi: amepona machoni pake, kliniki inamla nusu siku ya kibarua, na vidonge kwenye tumbo tupu vinamtia kichefuchefu. Mhubiri wa "meza dawa zako" hasaidii hapa. Kaa naye mtengeneze mpango: anameza saa ngapi, nani anamwona akimeza, chakula cha kushikilia tumbo kinatoka wapi. Uji, ndengu na omena ni lishe nzuri na ya bei ndogo. Kama hata hivyo hakuna, hilo ni tatizo la chama, kanisa au msikiti kulibeba, na uliombe waziwazi bila kumtaja jina. Makohozi hupimwa tena mwishoni mwa mwezi wa pili na kuelekea mwisho wa dozi. Mpe tarehe hizo mapema.

Panga pia safari. Disemba nusu ya ploti husafiri ushago, na dawa hubaki Nairobi. Kliniki inaweza kumpa dawa za siku hizo au barua ya kumhamishia kituo cha huko, mradi aombe kabla ya kupanda basi. Mafuriko ya Aprili 2024 na ubomoaji uliofuata kandokando ya mto Mathare na huko Mukuru ulitufundisha kwamba familia inaweza kupoteza kila kitu kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mgonjwa apige picha ya kadi yake ya kliniki kwa simu, na nakala ibaki kwa mtu anayemwamini.

Aliyekatiza dawa akirudi, mpokee. Mwaka 2010 wagonjwa wa Kapsabet walitiwa jela kwa kuacha dawa za TB. Tarehe 24 Machi 2016 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo mhamasishaji anayemtishia mgonjwa kwa chifu au polisi anakwenda kinyume na uamuzi huo, na anafunza mtaa mzima kujificha. Mweleze tu jambo lililo kweli: dozi iliyokatizwa inaweza kuzaa TB sugu, ambayo matibabu yake ni makali zaidi. Hata hiyo inatibika. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo dozi ya vidonge ya miezi sita isiyo na sindano.

Hatua ya 6: Watoto na watu wa nyumba moja

Mgonjwa mmoja ni mlango wa nyumba nzima. Wote wanaolala naye wapimwe, ukianza na walio chini ya miaka mitano na wanaoishi na VVU. Mtoto mdogo anaweza kupata TB ya utando wa ubongo kabla hujamaliza kujiuliza kama anakohoa. Chanjo ya BCG anayopewa akizaliwa humlinda na aina kali za TB, lakini haimzuii kuambukizwa. Dalili zake ni kutoongezeka uzito, kukosa hamu ya kucheza, homa isiyoisha. Kitabu cha kliniki chenye mstari wa uzito uliolala ni ushahidi tosha wa kumpeleka.

Asiyekuwa na ugonjwa hupewa dawa za kinga. Ipo dozi inayomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na ipo ya kila siku kwa miezi mitatu inayowafaa watoto. Wazazi hukataa: "Mtoto mzima nimpe dawa ya nini?" Hapo lile kaa la moto linakusaidia kueleza. Kwa mtoto anayeugua, zipo dawa zinazoyeyuka kwenye maji, zenye ladha ya matunda. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuzieneza nchi nzima, mwaka 2016. Shosho anayekumbuka kusaga vidonge kwa kijiko atafurahi.

Hatua ya 7: Hewa

Kumwambia mtu wa chumba cha futi kumi kwa kumi "kaa kwenye nyumba yenye hewa" ni kumkejeli. Tafuta kinachowezekana: mlango na dirisha vifunguliwe pamoja asubuhi ili hewa ipite, pazia lifungwe juu, mgonjwa akae nje mchana, na mahali pa kulala, ikiwezekana, pawe karibu na dirisha. Akohoe kwenye kiwiko au kitambaa, na avae barakoa akiwa ndani na wengine wiki za mwanzo. Akimeza dawa vizuri, uwezo wa kuambukiza hushuka sana ndani ya wiki chache, kwa hiyo hakuna haja ya kumtenga miezi sita wala kumtengea kikombe.

Ambapo chumba hakina dirisha, zungumza na mwenye ploti. Kukata dirisha kwenye mabati si gharama kubwa, na ukienda na wapangaji kadhaa pamoja husikilizwa. Kwenye matatu, ugomvi wa dirisha tunaujua sote. Omba makanga wa steji yenu wakubaliane kuacha angalau madirisha mawili wazi, moja mbele na moja nyuma. Makanisa ya kesha yanahitaji mazungumzo ya upole: watu mia wakiimba usiku kucha ndani ya mabati yaliyofungwa ni jambo la kuzungumza na mchungaji faraghani, kabla ya Ijumaa.

Hatua ya 8: Linda siri ya mgonjwa kwa matendo

Ukiingia ploti ukiwa umevaa fulana ya kazi na kubisha mlango mmoja tu, umeshatangaza. Bisha milango mitano, uliza maji, chanjo na kikohozi kote, kisha ukae zaidi pale unapohitajika. Simu usimpigie mgonjwa ukitaja ugonjwa kabla hujajua kama yuko peke yake. Daftari lako lisibebwe na mtoto.

Maswali magumu yatakuja. "TB ni Ukimwi?" Hapana, ingawa kila mgonjwa hushauriwa apime VVU kwa kuwa huambatana mara nyingi. "Mbona baba alikuwa nayo na sasa mwana?" Kwa sababu walilala chumba kimoja, si kwa damu wala laana. "Mganga ameshatengeneza." Usigombane na mganga. Mwendee, mwombe akutumie wateja wake wanaokohoa, na wengi hukubali wakiheshimiwa. "Na maziwa?" Ipo TB ya ng'ombe, kwa hiyo yasiyochemshwa yachemshwe.

Hatua ya 9: Daftari, na mwalimu wa kweli

Kila mwezi andika safu tano tu: uliowatuma, waliopimwa, walioanza dawa, watoto waliopewa kinga, waliomaliza. Pengo kati ya safu ya kwanza na ya pili likiwa kubwa, tatizo liko kituoni au kwenye nauli. Likiwa kati ya tatu na tano, rudi Hatua ya 5.

Aliyemaliza dozi umwombe azungumze mjengoni au kwenye steji yake, kwa hiari, na umlipie nauli na siku aliyopoteza. Mkumbushe pia mambo mawili ya kwake mwenyewe: mapafu huweza kubaki na makovu, hivyo pumzi fupi baada ya dozi inahitaji kuangaliwa na daktari, na TB inaweza kurudi au kuambukizwa upya, kwa hiyo akikohoa tena aende na ile picha ya kadi yake na aseme mapema kwamba aliwahi kutibiwa.